Kipimo kipi cha moyo hujibu swali lipi

Hapa Kigoma kuna kauli ninayoisikia mara nyingi mno: "Mimi nilishapimwa moyo, wakasema uko sawa." Anaisema mzee anayesimama mara tatu kupumzika kabla hajamaliza kupanda kutoka stesheni hadi Mwanga. Anaisema mama ambaye miguu imejaa mpaka kandambili hazimwingii. Ukimuuliza alipimwa kwa kipimo gani, anakutolea karatasi yenye mistari ya kupanda na kushuka. Hiyo ni ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Ni kipimo kizuri na ninakiheshimu, lakini siku ile kilijibu swali moja tu, na huenda si lile ambalo mwili wa mzee yule unauliza.

Hakuna kipimo kimoja cha moyo. Moyo ni msuli wenye ukubwa unaokaribia ngumi ya mwenyewe. Una vyumba vinne, vali nne zinazofunguka na kufunga kwa zamu, mfumo wa umeme unaoamrisha kila pigo, mishipa midogo inayoulisha moyo wenyewe, na mfuko mwembamba unaoufunika. Mtu akiwa ametulia, husukuma kama lita 5 za damu kila dakika, na kwa siku nzima hupiga kama mara 100,000. Ugonjwa unaweza kushika sehemu moja ukaziacha nyingine nzima kabisa. Vali inaweza kuharibika huku umeme ukiwa sawa. Mshipa unaweza kuziba nusu huku msuli ukisukuma kama wa kijana. Kwa hiyo kila kipimo kina sehemu ambayo kinaiona na sehemu ambayo hakiioni kabisa. Daktari akikuandikia karatasi tatu tofauti, mara nyingi hajachanganyikiwa wala hakutafutii gharama. Ana maswali matatu.

Tuanze na magonjwa yenyewe, maana kipimo bila kujua unachokitafuta hakina maana. Ukitaja ugonjwa wa moyo, wengi wetu tunamwaza mtu anayeshika kifua ghafla na kuanguka. Hilo ni shambulio la moyo: mshipa unaoulisha msuli wa moyo umezibwa, na sehemu ya msuli inaanza kufa. Lipo, na ni la kuogopwa. Lakini mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uitwao THESUS-HF, uliofuatilia wagonjwa 1,006 waliolazwa katika nchi 9 za Afrika kwa sababu ya moyo kushindwa kufanya kazi. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52. Chanzo kilichoongoza kilikuwa shinikizo la damu, kiasi cha asilimia 45, na waliofikishwa hapo na mishipa ya moyo kuziba hawakufika asilimia 10. Miaka 52 si umri wa babu. Ni baba mwenye watoto sekondari, ni mama anayegombania dagaa Kibirizi alfajiri ili awahi soko.

Presha hufanya kazi yake kimya. Moyo unaosukuma damu dhidi ya shinikizo kubwa kila siku hujenga msuli: ukuta wa chumba cha kushoto unanenepa. Kwa miaka kadhaa mtu haoni kitu, pengine anajisikia imara kabisa. Kisha ukuta ule mnene unakuwa mgumu, haulegei vizuri kupokea damu. Mwisho unachoka, unatanuka, na nguvu ya kusukuma inapungua. Mtu anapoanza kukosa pumzi, safari hiyo huwa imeshachukua miaka mingi.

Ndiyo maana nasema kipimo cha kwanza cha moyo ni ule mkanda unaofungwa kwenye mkono. Unadharauliwa kwa sababu upo hadi zahanati na duka la dawa, na huenda hakuna kipimo kinachopimwa ovyo kama hicho. Mtu ameshuka kwenye bodaboda, amepanga foleni juani, anaitwa, anakaa kwenye benchi lisilo na egemeo, mkono unaning'inia, mkanda unafungwa juu ya shati, na wakati unajaa hewa anaulizwa jina la baba yake na namba ya simu. Kila kimojawapo kati ya hivyo kinaweza kuipandisha namba. Kipimo cha kuaminika kinataka ukae dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni bila kukunja nne, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi tupu, na uwe umeshakwenda haja ndogo. Kahawa ya barazani na sigara viachwe nusu saa kabla. Mkanda uendane na mkono, kwa sababu mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko ukweli. Kisha upimwe mara mbili, ukipumzika dakika moja katikati.

Namba ya juu ni shinikizo moyo unaposukuma, ya chini ni shinikizo moyo unapolegea. Ikifika 140 juu au 90 chini, na ikarudia hivyo siku nyingine, hiyo ni presha ya kutibiwa, hata kama mwenyewe anajisikia mzima. Na hapa siwezi kupita bila kugusa chumvi, mimi mtu wa mkoa wenye Uvinza. Chemchemi zile za maji ya chumvi zimefanyiwa kazi kwa zaidi ya miaka 1,000, na chumvi yake ilikuwa bidhaa ya heshima kwenye njia za biashara muda mrefu kabla ya reli. Ni urithi wetu. Lakini Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikie hata gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kisichojaa, na humo imo ya kwenye mkate, ya kwenye supu ya kibandani na ya kwenye samaki aliyekaushwa kwa chumvi. Ile inayonyunyiziwa mezani juu ya chakula kilichokwisha kuungwa ndiyo rahisi kuiacha.

Kipimo kinachofuata nacho hakihitaji umeme: ni maswali ya daktari na mikono yake. Wagonjwa wengi huyaona maswali haya kama kupoteza muda, wanataka mashine. Sikiliza mazungumzo ya aina hii:

"Shikamoo mama. Usiku unalalia mito mingapi?"

"Marahaba mwanangu. Mitatu. Nikilala chali hewa inaniisha."

"Tangu lini?"

"Tangu mavuno ya maharage. Usiku wa manane nashtuka nakohoa, nakaa dirishani mpaka ipite."

Kwa majibu hayo mawili daktari ameshapata mengi. Mtu akilala, damu iliyokuwa miguuni hurudi kifuani, na moyo uliochoka unashindwa kuiondoa kwa wakati. Maji yanavujia kwenye mapafu, ndiyo kikohozi kile cha usiku. Akina mama wengi wa namna hii hupitia kwanza dawa za pumu, wengine dawa za kifua kikuu, na wengine huambiwa wametupiwa kitu. Sitamcheka anayeamini hivyo, kwa sababu kushtuka usiku ukitafuta hewa ni jambo la kutisha kuliko linavyosimuliwa. Ninachoomba ni kwamba huko kwingine kusimcheleweshe kufika kwa daktari.

Kisha mikono. Daktari anabonyeza kwa kidole gumba kwenye mfupa wa ugoko, anahesabu sekunde chache, anaachia. Kishimo kikibaki, chini ya ngozi kuna maji. Anatazama mshipa wa shingoni kama umetuna mtu akiwa ameketi nusu kulala. Anaweka kipimo cha kusikilizia kifuani, kwa sababu vali nzima hufunga kwa mlio safi wa mara mbili, na vali iliyobana au inayovuja huongeza sauti ya mvumo. Halafu swali ambalo kwangu mimi lina thamani kuliko mashine kadhaa: unachoka ukifanya nini? Kuna anayechoka akipanda mlima tu, kuna anayechoka akitembea tambarare, kuna anayechoka akivaa nguo, na kuna anayehema akiwa ameketi. Madaktari wa moyo duniani kote hupanga wagonjwa kwa ngazi nne za namna hiyo, na dawa hupimwa kama zimefaa kwa kuangalia mgonjwa amepanda au ameshuka ngazi. Wengine humtembeza mgonjwa dakika 6 kwenye korido iliyopimwa na kuandika amefika mita ngapi. Kinachohitajika ni saa, kiti cha pembeni na sakafu iliyonyooka.

Sasa turudi kwenye ile karatasi ya mistari. ECG hupimwa kwa kubandika vishikizo 10: sita kifuani na vinne kwenye mikono na miguu. Kutoka kwenye hivyo mashine huchora mistari 12, kila mmoja ukiutazama moyo kutoka upande wake. Nimewahi kusikia watu wakikataa kwa kuogopa kupigwa shoti. Mashine haipeleki umeme mwilini. Inanasa ule mdogo sana ambao moyo wenyewe unautoa, na ukimaliza unafuta kifua unavaa shati.

Karatasi ile imechorwa miraba, yaani vyumba vidogo na vikubwa, na si siri ya madaktari. Kwa kawaida hupita kwa mwendo wa milimita 25 kwa sekunde, kwa hiyo chumba kikubwa kimoja ni sehemu moja ya tano ya sekunde. Mapigo yakiwa ya kupangika, hesabu vyumba vikubwa kati ya kilele kimoja na kinachofuata, kisha gawanya 300 kwa idadi hiyo. Vinne vinakupa mapigo 75 kwa dakika, vitatu vinakupa 100. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100.

Swali la ECG ni la umeme. Je, mapigo yanapangika au yanarukaruka? Je, amri ya umeme inakwama mahali? Je, kuna sehemu ya msuli inayokosa damu sasa hivi, au iliyowahi kufa zamani? Kwa shambulio la moyo hakuna kipimo cha kuwahi kama hiki, na kinapaswa kufanywa ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike. Huweza pia kuhisi ukuta ulionenepa kwa presha, ingawa wengi huponyoka. Lakini nguvu ya kusukuma hakiioni. Wavuvi wa Katonga watanielewa upesi: injini ya boti inaweza kuwaka na kuunguruma sawasawa huku propela imekatika jani moja, na mlio pekee haukuambii chombo kinasogea kwa kasi gani. Zaidi ya hapo, karatasi ya kawaida ni sekunde kama 10 tu, na siku ina sekunde 86,400. Anayepatwa na moyo kwenda mbio mara moja kwa siku anaweza kupimwa asubuhi akaonekana hana tatizo, na jioni likamkuta nyumbani. Huyo anahitaji kifaa kidogo cha kuvaa kiunoni kinachorekodi saa 24 au zaidi, kiitwacho Holter, huku akiandika saa alizojisikia vibaya ili daktari alinganishe.

Kinachouona moyo ukifanya kazi ni kipimo kiitwacho eko. Hiki ndicho kipimo ambacho mama wa mito mitatu alikuwa anakihitaji, na ndicho ninachotaka tukae nacho zaidi.

Eko hutumia mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio, yale yale yanayotumika kumwangalia mtoto tumboni. Haina mionzi, haiumi, hakuna haja ya kufunga kula kwa eko ya kawaida ya kifuani, na mjamzito anaweza kupimwa bila wasiwasi. Unalala ubavu wa kushoto, mkono wa kushoto umeuinua nyuma ya kichwa. Mpimaji anapaka jeli ya baridi, anakandamiza kifaa kati ya mbavu, kwa sababu mfupa unazuia mawimbi na inabidi apenye kwenye upenyo. Atakwambia "toa pumzi, zuia hapo hapo", kwani pafu likijaa hewa linaziba picha. Kwenye kioo unaona moyo wako ukijikunja na kulegea, vali zikipiga kama kope. Akibonyeza kitufe cha rangi, damu inayoelekea kwenye kifaa huonekana nyekundu na inayokwenda mbali huonekana bluu. Wengi hushtuka hapo wakidhani bluu ni damu mbaya. Ni mwelekeo tu. Kinachomshtua mpimaji ni rangi zilizochafuka na kuchanganyikana mahali ambapo vali ilipaswa kuwa imefunga.

Asili ya kipimo hiki itawafurahisha watu wa mji wa bandari. Mwaka 1953 huko Lund, Sweden, daktari Inge Edler alikuwa anatafuta njia ya kuichunguza vali ya moyo bila kupasua. Mwanafizikia Hellmuth Hertz akaazima mashine ya mawimbi ya sauti kutoka karakana ya meli ya Malmö, iliyokuwa ikitumika kutafuta nyufa ndani ya vyuma vya meli. Wakaiweka kifuani, wakapata mwangwi wa ukuta wa moyo ukicheza. Kila nikipita bandarini hapa na kuiona Liemba, meli ambayo vyuma vyake vilitoka Ujerumani vikaja kuungwa Kigoma zaidi ya miaka 100 iliyopita, nawaza kwamba mashine ya kukagua mwili wa meli ndiyo iliyofungua njia ya kuukagua moyo wa mtu.

Katika majibu ya eko kuna namba moja inayowatoa watu machozi bila sababu. Imeandikwa EF, na pembeni yake asilimia. Mtu anasoma 58, anakumbuka mitihani ya shule, anaona amepata wastani mbaya. Namba ile haihesabiwi hivyo. Inasema: kati ya damu yote iliyojaa kwenye chumba cha kushoto, sehemu gani ilisukumwa nje kwa pigo moja. Chumba kikiwa na mililita 120 na kikasukuma 70, hiyo ni asilimia 58, na ni moyo mzima kabisa. Hakuna moyo unaosukuma asilimia 100 wala haupaswi. Kwa watu wengi wenye afya ni kati ya 55 na 70. Ikifika 40 au chini yake, msuli umedhoofika na kuna dawa maalumu za kuusaidia. Katikati hapo ni eneo la kuangaliwa kwa makini. Wapimaji wawili wakimpima mtu yule yule wanaweza kupishana kwa alama 5, hivyo ukitoka 57 leo ukaja 54 miezi sita baadaye, hujaharibikiwa.

Na kuna upande wa pili unaowanyima wengi haki yao. Namba ikiwa nzuri haimaanishi moyo hauna shida. Mzee mwenye presha ya miaka mingi anaweza kuwa na EF ya 60 huku ukuta wa moyo wake umekuwa mgumu, haulegei kupokea damu. Anachosukuma ni sehemu kubwa ya kidogo alichopokea. Huyu anahema na miguu inajaa kama mwenye EF ya 30, na akiambiwa "uko sawa" kwa sababu ya namba moja ameonewa. Eko nzuri huandika pia unene wa kuta, jinsi moyo unavyolegea, ukubwa wa vyumba, kila vali na hali yake, na kama kuna maji kwenye mfuko wa moyo. Hilo la mwisho lina uzito kwetu, kwa sababu kifua kikuu kinaweza kuushika mfuko huo na kuujaza maji mpaka moyo ukose nafasi ya kupanuka.

Makundi mawili nataka yasisahaulike. La kwanza ni watoto. Mtoto anapata mafindofindo, koo linauma siku chache, linapona. Wiki chache baadaye magoti yanavimba, kisha vifundo, maumivu yanahama kutoka kiungo kimoja kwenda kingine. Hiyo inaweza kuwa homa ya rumatiki: kinga ya mwili iliyokuwa inapigana na bakteria wa koo imegeuka ikashambulia viungo na vali za moyo. Hutokea zaidi kati ya miaka 5 na 15. Magoti hupona, vali hubaki na kovu, na kila mafindofindo mapya yanaweza kuliongeza kovu hilo. Mtoto huyu anaweza kukua, akaolewa, na vali iliyobana ikajitokeza kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, damu ilipoongezeka mwilini. Sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4, kwa miaka, ndiyo inayozuia hilo. Ni sindano ya zamani na inauma, na mzazi anayempeleka mwanawe kila mwezi bila kukosa anafanya kazi kubwa kuliko mashine zote ninazozitaja hapa.

La pili ni akina mama waliojifungua karibuni. Kuna ugonjwa wa msuli wa moyo unaojitokeza kuelekea mwisho wa ujauzito au katika miezi 5 baada ya kujifungua. Mama anakosa pumzi, miguu inajaa, na wote nyumbani wanasema ni uchovu wa uzazi. Eko ndiyo inayoonesha kwamba EF imeshuka. Wengi wakitibiwa mapema moyo hurudi, na hapo ndipo penye mazungumzo magumu ambayo mume naye anapaswa kuwepo: kubeba mimba nyingine kabla moyo haujarudi kunaweza kumuua.

Picha ya eksirei na vipimo vya damu nitavipitia haraka. Eksirei huonesha umbo la moyo na maji kwenye mapafu. Kwa picha ya mtu mzima iliyopigwa amesimama, moyo ukizidi nusu ya upana wa kifua husemwa umekuwa mkubwa, lakini picha haisemi kwa nini. Damu hutazamwa wingi wake, kwa sababu upungufu wa damu peke yake huweza kuuendesha moyo mbio. Sukari, figo na mafuta hupimwa pia, na figo zina nafasi ya pekee kwa kuwa dawa nyingi za moyo hupangwa kwa kuziangalia. Troponini ni kemikali inayovuja kutoka kwenye msuli wa moyo ulioumia. Huchukua saa kadhaa kupanda, ndiyo maana mtu aliyewahi hospitali nusu saa baada ya kifua kubana hupimwa, akasubirishwa, akapimwa tena. Asiondoke kwa kukasirika. Jibu la kwanza peke yake linaweza kudanganya.

Kuhusu mishipa inayoulisha moyo, tatizo lake ni kwamba mtu akiwa ameketi kila kitu kinaweza kuonekana safi. Mshipa ulioziba zaidi ya nusu bado unaweza kutosheleza moyo uliotulia. Kasoro hujitokeza kazi inapoongezeka, ndipo kifua kinabana kama kimewekewa jiwe, maumivu yakipanda kwenye taya au mkono wa kushoto, na ukisimama yanaachia. Mwenye kisukari anaweza asisikie maumivu kabisa, akapata kichefuchefu na jasho tu, na wengine husikia kiungulia wakanywa dawa ya vidonda vya tumbo. Kwa hiyo kuna kipimo cha kumtembeza mtu kwenye mashine ambayo kila dakika 3 inaongeza kasi na mwinuko, huku ECG na presha vikifuatiliwa. Anayebanwa kifua kila akipanda Mwanga ameshajipima kwa namna yake, na jambo hilo alieleze kwa daktari kama lilivyo: nilianzia wapi, nilisimama wapi, iliachia baada ya muda gani. Na kwa kuwa tunazungumzia mishipa, mawese yetu yana sifa zake, lakini karibu nusu yake ni mafuta yale mazito yanayopandisha lehemu (kolesteroli), kwa hiyo yapimwe kwa kijiko yasimiminwe. Tumbaku wanayoilima jirani zetu wa Urambo na Kaliua haina hata kijiko kimoja cha usalama.

Mshipa ukishukiwa kweli, kipimo cha mwisho ni kuupiga picha kwa ndani. Mrija mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa mkono au wa paja hadi kwenye moyo, dawa ya rangi inamwagwa, na eksirei inaonesha palipobana. Hakuna kupasuliwa kifua, ganzi ni ya pale tundu linapotobolewa, na mgonjwa anabaki macho. Njia hii ilifunguliwa mwaka 1929 na daktari kijana wa Ujerumani, Werner Forssmann, aliyejipitishia mrija mwenyewe kwenye mshipa wa mkono hadi moyoni, kisha akatembea hadi chumba cha eksirei kupiga picha ya ushahidi. Wakubwa wake hawakufurahishwa. Mwaka 1956 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili walioiendeleza kazi hiyo.

Kwa huduma hiyo mgonjwa wa Kigoma mara nyingi ana safari ndefu. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyopo Muhimbili, Dar es Salaam, ilianzishwa mwaka 2015, na kabla yake wengi walilazimika kupelekwa nje ya nchi. Madaktari wake pia hutoka kwenda mikoani kupima watu, na matangazo ya ziara hizo hupitia hospitali za rufaa za mikoa, kwa hiyo ni vyema kuuliza Maweni hapa Kigoma au Kitete ya Tabora kabla ya kukata tiketi. Usianze safari kwa kujipeleka tu. Uliza daktari wako: ni swali gani halijajibiwa hapa, na ni kipimo gani huko kitalijibu? Akikwambia, liandike kwenye karatasi uende nalo, usije ukarudia kule ECG ambayo ulishaifanya hapa.

Karatasi za zamani zibebe zote. ECG nyingi huchapwa kwenye karatasi inayofifia kwa joto, kwa hiyo ipige picha kwa simu siku ile ile uliyopimwa, usiiache kwenye dashibodi wala juu ya bati. Majibu ya eko toa kopi. Dawa ziandikwe kwa jina na miligramu, kwa sababu "kidonge cheupe cha asubuhi" hakimsaidii daktari asiyekujua. Na vidonge vyenyewe viweke kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi lililofungiwa kwenye buti la basi. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200, na dozi ya jioni itakukuta njiani.